Sukari Iliyokwama

Kijana yangu wa mwisho alisoma mpaka akamaliza, akapewa cheti, akakuja nayo nyumbani Kitengela, akaiweka juu ya kabati, halafu akaniomba nyumba ya kuku.

Mimi sikuenda shule, kwa hivyo nikafikiria labda elimu ikiisha ndivyo inafanya mtu. Kuku walikuwa wamekufa wote na kideri. Nyumba ilikuwa imebaki bure, matrei ya mayai yamepangwa mpaka kwa mabati. Nikamwambia chukua. Nilijua anataka kufuga. Kumbe anataka bendi.

Walikuwa watatu. Wangu alikuwa wa gitaa. Wa ngoma alikuwa kijana ya jirani, wale watu wa magharibi, kwao bwana ni pwana, baba yake karani wa serikali, mtu wa kufunga tai hata Jumamosi. Wa kuimba alikuwa anakodisha huko Noonkopir, mrefu, mwembamba, nywele imefunika jicho moja. Walichukua yale matrei yangu wakapigilia kwa ukuta na misumari, ati yanakula kelele. Yalikula kidogo. Ingine yote ilitoka nje.

Karani akakuja kwa fensi, ameshika tai isipeperuke. Akaniuliza pole pole kama mtu wa heshima, "Mama, hapo kwa kuku kuna nini? Hawa fijana wanaimpa ama wanapikana?"

Nikamjibu na sauti yake mwenyewe. "Pwana, wa kwako ndiye anapika hiyo ngoma."

Alicheka mpaka akaachilia tai. Mimi ndio hivyo. Nikiongea na mtu kidogo tu, sauti yake inaingia kwa mdomo yangu inakwama huko kama nyama kwa meno, na sitatulia mpaka niitoe. Nimeiga pasta, nimeiga chifu, nimeiga marehemu mume wangu akiwa hapo hapo anasikia, na chai imemshinda kumeza.

Sasa hiyo bendi ilikuwa na wimbo moja walikuwa wanashinda nayo. Ilikuwa ya zamani, ya wakati mimi ni msichana huko kwetu Machakos. Ni ya mwanaume amechelewa kurudi, bibi amefunga mlango, na yeye ako huko nje anabembeleza, "Mama fungua, nimeleta sukari." Basi. Hakuna maneno ingine. Tarumbeta inalia, gitaa inachekacheka, na yeye anataja sukari mpaka wimbo inaisha. Hatujui kama alifunguliwa.

Hiyo wimbo kijana yangu aliitoa kwangu. Miaka ya tisini, wakati Kitengela bado ni nyasi na punda milia wanakuja kujikuna kwa fensi yetu, Jumapili tukitoka kanisa nilikuwa natoa betri za redio kwa jua, nafungulia salamu. Hiyo wimbo ikipigwa, naimba mwanaume ako nje, halafu naimba na bibi ako ndani, ambaye kwa wimbo hakupewa nafasi, nikampea mimi. "Sukari ya nini na mimi nimeshalala? Lamba peke yako huko nje." Huyu mtoto alikuwa anacheka mpaka anaanguka chini ya meza. Hiyo kitu ikaingia kwake ikakaa, ikatoka mwaka wa elfu mbili na kitu ikiwa imevaa nguo ingine kabisa.

Siku ya kwanza waliniita niisikie, nikakaa kwa debe. Wa ngoma akagusa ngoma moja kama mtu anabisha mlango ya hospitali. Kijana yangu akavuta waya moja ya gitaa, akaingojea inyamaze yenyewe. Yule mrefu akaangalia viatu vyake. Nikangoja. Nikangoja tena.

Nikauliza, "Imeanza?"

"Mathe, tuko katikati," kijana yangu akasema.

"Na sukari iko wapi?"

"Iko ndani. Si lazima watu waisikie. Hii ni ku-cover, Mathe. Unachukua ya mtu unaifanya yako."

"Kwetu hiyo iko na jina ingine."

Yule mrefu akaendelea. Sauti yake, uniskize vizuri, ilikuwa hivi: "Maaa... fuu..." Kama mtu wa malaria anaitisha maji na hataki kusumbua. Nilimpenda huyo mtoto. Lakini nilijua kama angekuwa nje ya mlango ya mtu na hiyo sauti, angelala huko na hiyo sukari yake mpaka siafu wamalize.

Wacha sasa nifike kwa msichana. Mwaka huo kijana yangu alikuwa anaumwa na kichwa sana. Kila jioni anaenda kununua dawa kwa chemisti, harudi mpaka kufungwe. Nikamfuata siku moja nikaona dawa yenyewe iko nyuma ya kaunta, imevaa koti nyeupe, ina shanga kwa mkono. Mmasai, kwao ni huko nyuma ya Kajiado. Alipokuja kwangu mara ya kwanza aliinamisha kichwa nimguse, akanisalimia na lugha yao, "Takwenya, yeiyo." Nikajibu, "Iko," hiyo najua, soko imenifundisha. Akanisaidia kuchambua mboga na akanicheka nikiiga wateja wake wanaonong'ona dawa ya minyoo. Nikasema huyu asitoke hapa.

Lakini ako na baba.

Kijana yangu akaenda kumtafuta huyo mzee Kajiado, siku ya soko ya mifugo, akampata kati ya ng'ombe. Alirudi jioni hajakula. Akanieleza, na mimi nikimskiza nilikuwa naona huyo mzee kabisa.

"Wewe nafanya kazi gani?" mzee alimuuliza, macho yako kwa ndume fulani.

"Mziki, Mzee."

"Mziki gani?"

Sasa kijana kuogopa ikamshika, akatafuta kitu ya wazee. "Ile ya zamani, Mzee. Mama fungua, nimeleta sukari."

Mzee akaacha ng'ombe. Ati akamwangalia kwa mara ya kwanza. "Hiyo wimbo ni yangu," akasema. "Mimi nauza ndume nanunua gramafoni, nanunua na hiyo santuri. Mama yake huyu msichana nakubali mimi kwa sababu ya hiyo wimbo. Lete. Mimi najua hiyo wimbo kama ng'ombe yangu. Hata wewe nafunika yeye na blanketi, mimi najua. Kama ni yeye, tunaongea mambo ya msichana. Kama si yeye, wewe nadanganya mimi, na mimi hapana toa msichana kwa mwongo."

Kijana yangu akashika kichwa, na wakati huu ilikuwa inauma kweli. "Mathe, ile yetu hata wewe hukuijua."

"Mimi niliijua. Sikujua tu kama imeanza."

Tulienda kwa boma ya mzee na pikapu ya kuazima. Ngoma nyuma, spika nyuma, jenereta ya kukodisha nyuma, na bale nzima ya sukari, kwa sababu kwa Wamasai huwezi enda mkono mtupu, na pia tulifikiria itasaidia wimbo. Marehemu hayuko, kwa hivyo karani ndiye alikuja kuwa mzee wetu, na tai yake. Kabla tushuke kijana yangu akanishika mkono.

"Mathe, nakuomba kitu moja tu. Leo usiige mtu."

"Hata ng'ombe?"

"Hata ng'ombe."

Nikaapa. Nilijua vile anapenda huyo msichana. Nikafunga mdomo yangu kama mtungi.

Sasa ujue kitu. Huko, kama ng'ombe yako imepotea na ukaiona kwa boma ya mtu, huwezi kuingia tu ukaichukua. Unaita mashahidi wa rika lako, mnasimama, huyo mwenye boma anatoa ng'ombe anaipitisha mbele yako, na wewe unaangalia. Basi huyu mzee alikuwa ameita wenzake wawili. Wamekaa kwa stuli, rungu kwa magoti, wanangoja wimbo ipitishwe.

Mimi nikaingizwa kwa nyumba ya mama wa msichana kunywa chai wakati vijana wanafunga waya. Mama huyo alikuwa mtu wa kucheka na macho, haongei. Tukiwa hapo, mzee akapita huko nje akihesabu ndama wake kwa geti, na anajiimbia. Nikasikia, "Nimeleta su, nimeleta su, nimeleta su, nimeleta su," halafu rungu kwa mti ya geti, ko, "kari." Tena anaanza. "Nimeleta su, nimeleta su." Ko. "Kari."

Nikasema hii ni kwikwi ama ni nini. Lakini tayari ilikuwa imeingia. Nilisikia ikipanda kwa shingo. Nikameza chai, ikabaki. Nikala kipande ya mkate, ikabaki. Mama wa msichana akaniangalia, akauliza kama nimeungua ulimi. Nikasema kidogo.

Tukatoka. Jenereta ikaanguruma kuliko bendi. Vijana wakacheza ile yao, ya kuangalia viatu. Ng'ombe zikainua vichwa, zikaangalia pia viatu za yule mrefu. Wazee hawakutingisha hata sikio. Ikaisha, na kwa sababu inaishanga pole pole, hakuna mtu alijua, tukakaa tukingoja jenereta imalize wimbo.

Mzee akasimama. Akazunguka bendi. Akainama akaangalia spika kwa nyuma. "Kichwa si yake," akasema. "Miguu si yake. Mkia, labda."

Kijana yangu akaongea na wenzake, wakacheza tena, sasa haraka, vile ya zamani ilikuwa, sukari ikatajwa wazi. Yule mrefu akajikaza mpaka jicho ile ingine ikaonekana. Wale mashahidi shingo zikaanza kwenda mbele na nyuma. Msichana alikuwa kwa mlango ya mama yake, akashika shuka kwa mdomo. Nikasema imeisha, tumefunguliwa.

Mzee akatingisha kichwa. "Huyu ni ndugu yake. Tumbo moja. Lakini si yeye."

Karani akaona ni kazi yake sasa. Alikuwa na kaseti ya wenyewe, ya wale watu wa zamani. Akaenda kwa pikapu, akafungua milango yote miwili, akaweka. Tarumbeta ikalia mpaka ng'ombe zikarudi nyuma. "Mzee," akasema, "hii ndiyo orichino. Orichino kapisa."

Mzee akaskiza yote mpaka mwisho, na heshima yote. "Huyu pia ameiba," akasema.

Karani akalegeza tai. Mimi sijawahi ona hiyo.

"Hata redio ya Nairobi iko na hiyo tabia," mzee akaendelea. "Ikifika mahali mzuri, naruka."

Kijana yangu akaenda mbele yake, karibu apige magoti. "Mzee, tuambie tu ni nini inakosa. Tutaiweka."

"Alama hapana sema. Mimi nasema alama, wewe naenda chomea ng'ombe ya mtu, nakuja na yeye kesho." Na wale mashahidi wakakubali, eee, alama haisemwi. Mzee akakaa chini, akaweka rungu kwa magoti. Nilijua hiyo kukaa. Nimekaa hivyo mara mingi na wanunuzi. Ni ya mtu amemaliza kuongea.

Kijana yangu akarudi akaanza kukunja waya. Alikunja ile waya kama mtu anakunja nguo ya maiti. Msichana akatoka kwa mlango akaingia ndani. Yule mrefu akashika gitaa ya kijana yangu amsaidie, na kijana yangu akaikataa.

Basi mimi nikakasirika. Nilikasirikia huyo mzee, na kichwa yake na miguu yake na mkia yake. Na mtu akinikasirisha mimi sijui kutukana. Najua kitu moja tu. Nikachukua fimbo ya kuchungia ndama, nikasimama mbele ya hao wanaume wote, nikatoa tumbo vile yeye anatoa, nikakunja mguu moja, nikaimba na sauti yake, "Nimeleta su, nimeleta su, nimeleta su, nimeleta su," nikagonga spika, ko, "kari."

Kijana yangu akafunika uso na waya yote ile. Karani akasema kwa sauti ya chini, "Mama, tumekwisha."

Mzee alikuwa amesimama. Sikuona akisimama.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Sikuwa na njia ingine.

"Huyo," akasema. Akageukia mashahidi. "Munaona huyo? Sikio yake munaona? Huyo ni yeye." Akanikujia, akanishika mkono ya fimbo. "Mama, wewe napata wapi ng'ombe yangu?"

Hapo ndani ya nyumba tukasikia mtu anacheka. Alikuwa mama wa msichana. Alitoka akishika ukuta. Alipoweza kuongea akasema ilikuwa mbuzi yake. Hata mwaka haujaisha tangu aolewe, mbuzi mdogo aliruka kutoka kitandani akakanyaga hiyo santuri, ikakwaruzwa. Tangu hapo ikifika kwa sukari inakwama, su, su, su, mpaka mzee agonge sanduku na rungu ndio iendelee. Watoto wao wote walizaliwa na kukuzwa na hiyo su. Gramafoni ilikufa, na mzee akabaki anaimba vile anajua.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Nani aliniuliza?" akasema. "Nilijua mnacheza mambo ya Nairobi."

Kijana yangu alikuwa ametoa uso kwa waya. Akauliza pole pole, "Inakwama mara ngapi, Mzee?"

"Mpaka mimi nagonga."

Basi wakawasha jenereta. Nikasimama mbele nikawa mwalimu, mimi ambaye sijashika kalamu. Kumbe ile yao ya kuangalia viatu ndiyo ilikuwa inafaa kukwama. Yule mrefu akifika kwa su alikuwa anakaa hapo kama amezaliwa huko, "nimeleta su, nimeleta su," na gitaa inazunguka mahali pamoja, na wa ngoma ameinua mkono juu anangojea. Mzee akawaachilia wakakwama vizuri. Halafu akagonga stuli. Kari. Msichana akatoka nje tena.

"Sasa muweke blanketi, mupake rangi, muimbe kama wagonjwa," mzee akasema. "Mimi najua yeye. Leteni hiyo sukari ya kweli, ile iko kwa gari."

Wakaongea mambo ya msichana mpaka jua ikaenda. Na kila mara akinipita ananiangalia na jicho moja. "Nyinyi Wakamba," ananiambia, "mliiba ng'ombe ya babu yangu, sasa na wimbo."

"Na nyinyi mlikuwa mmeiba hiyo ng'ombe kwa babu yangu," nikamwambia. Na sauti yake. Sasa alikuwa amezoea.

Vijana waliingia Nairobi wakarekodi hiyo wimbo, na kukwama kwake, kwa sababu kijana yangu alikataa itoke. Wakaweka kwa CD, wakauza huko Kitengela. Kila mtu aliyenunua aliirudisha. "Hii imekwaruzwa," wanasema. Wanabadilishiwa, wanaenda nyumbani, wanarudi tena. Mama moja akaniambia na huruma, "Mwambie kijana yako anunue mashine mzuri." Siku moja ikapigwa kwa redio, mtangazaji akaizima katikati akaomba wasikilizaji msamaha. Mzee alikuwa anaskiza huko kwake. Alituma ujumbe na simu ya msichana, kwamba hata huyo mtangazaji ni mwizi.

Harusi tukafanya Kitengela, kanisa kwanza, halafu tukatoka nje kwa uwanja. Mzee tukamweka mbele kabisa, meza yake, sahani ya nyama, rungu juu ya kitambaa nyeupe. Bibi na bwana wakaingia wakicheza. Bendi ikaanza ile ya viatu. Watu wa magharibi wanauliza kama imeanza. Ikafika kwa su.

"Nimeleta su, nimeleta su, nimeleta su."

Tukangojea. Mzee alikuwa na mfupa kwa mkono. Akaugeuza. Kijana yangu na suti yake anaenda hatua moja mbele, moja nyuma, mbele, nyuma, bibi arusi naye hivyo hivyo, veli imeanza kumwangukia. "Nimeleta su, nimeleta su." Watu wote wa uwanja mbele, nyuma. Karani akajipangusa jasho na tai. Wa ngoma mkono bado uko juu. Mzee akatafuta nyama ingine kwa huo mfupa, na hakuna.

Kijana yangu akamwangalia. "Mzee," akasema.

"Mkamba, mimi bado nafikiria," mzee akamjibu.

"Papa," bibi arusi akamwita baba yake.

Mzee akaweka mfupa chini. Akajipangusa vidole, moja moja, na shuka. Mimi sikuweza tena. Nilikuwa nimeinua ile fimbo ya ndama, ambayo sikuirudisha, juu ya meza, na sauti yake iko tayari kwa mdomo.

Akaniona. "Wewe mama," akasema, "weka hiyo chini."

Nikaweka. Akagonga.